Guria, Sioni, Chikhura au Zestafoni: uandike historia ya klabu ipi ya mji mdogo Georgia?

Kosa la kwanza katika kazi hii hutokea kabla jedwali lolote halijafunguliwa: mtu anachagua klabu kwa kuhesabu makombe. Kwa klabu za miji midogo ya Georgia hesabu hiyo inapotosha. Zestafoni ina ubingwa mara mbili, na ndiyo ngumu kuliko zote kuiandika vizuri. Guria haijawahi kuwa bingwa wa Georgia hata mara moja, na ndiyo yenye historia nono kuliko hizi nyingine tatu zikiwekwa pamoja.

Kipimo kinachofaa ni kingine: je, uzi wa klabu hiyo unaweza kuufuata tangu mwanzo bila kukatika mkononi? Jina lilikuwa lilelile? Waliokuwapo wakati huo waliandika? Timu iliyocheza mwaka huu ni ileile iliyocheza miaka thelathini iliyopita, au ni nyingine iliyovaa jezi ya marehemu?

Tunazungumzia Georgia ya Kaukazi, si jimbo la Marekani, na inafaa kulisema mapema maana injini za utafutaji zitakuchanganyia hizo mbili mpaka uchoke. Klabu tunazolinganisha ni nne. Zote zimewahi kuonja juu, zote zimewahi kushuka daraja, na miji yake ni midogo kweli. Sensa ya 2014 ilihesabu watu 6,395 Lanchkhuti, 8,967 Bolnisi na 6,140 Sachkhere. Zestafoni ndiyo kubwa kati yake, na hata hiyo ina watu elfu ishirini na kidogo tu.

| | Guria | Sioni | Chikhura | Zestafoni |
|---|---|---|---|---|
| Mji | Lanchkhuti | Bolnisi | Sachkhere | Zestafoni |
| Kilele | Ligi Kuu ya Kisovieti 1987. Kombe la Georgia 1990 | Bingwa 2005–06 | Kombe la Georgia 2017 | Bingwa 2010–11 na 2011–12 |
| Vyanzo vikuu | Kirusi na Kijojia, karatasi nyingi | Kijojia | Rekodi za UEFA na za ligi, karibu zote mtandaoni | Mtandaoni kwa miaka ya juu, kabla ya hapo ni vipande |
| Kinachokwamisha | Miaka ya 1990 | Jina la mji na la klabu | Miaka ya kabla ya 2010 | Kujua klabu ilianza lini |

Guria, na mlango uliofungwa kwa hiari

Mwaka 1986 Torpedo Kutaisi, klabu ya jiji kubwa la magharibi mwa Georgia, ilishuka kutoka Ligi Kuu ya Kisovieti. Msimu huohuo Guria, ya mji mdogo ambao Kutaisi ingeumeza kama mtaa mmojawapo, ilipanda pamoja na CSKA Moscow. Ligi Kuu ya 1987 ilikuwa na timu 16, mechi 30 kwa kila timu. Spartak Moscow ikachukua ubingwa. CSKA ikamaliza ya 15, Guria ya 16. Zilizopanda pamoja zikashuka pamoja.

Wengi wanaoandika kuhusu Guria huishia hapo: mji mdogo, mwaka mmoja juu, basi. Wanakosa sehemu tamu zaidi. Mwaka 1989 CSKA na Guria zilishika tena nafasi mbili za juu za daraja la kwanza la Kisovieti, lile lililo chini ya Ligi Kuu, na kupata haki ya kurudi Ligi Kuu ya 1990. CSKA ilikwenda. Ikamaliza ya pili mwaka huo na kuwa bingwa mwaka 1991. Guria haikwenda. Shirikisho la soka la Georgia liliundwa Februari 1990, klabu za Georgia zikajitoa kwenye mashindano ya Kisovieti, na kiti cha Guria kikabaki kitupu pamoja na cha Dinamo Tbilisi. Badala ya kwenda Moscow na Kiev, Guria ikaanza msimu wa kwanza wa ligi ya Georgia yenyewe, Umaglesi Liga, maana yake ligi ya juu kabisa. Ilimaliza ya pili nyuma ya Iberia Tbilisi, jina ambalo Dinamo Tbilisi ilijipa wakati huo, na ikabeba kombe la taifa la 1990.

Kombe hilo halikuipeleka popote. FIFA na UEFA ziliipokea Georgia mwaka 1992, kwa hiyo nafasi za 1990 hazikuwa na tiketi ya Ulaya. Klabu iliyoacha kiti kwenye ligi mojawapo ngumu kuliko zote Ulaya ilipata medali ambayo nje ya mipaka ya nchi haikuwa na anayeitambua. Mwandishi hahitaji kutia chumvi hapa. Ziweke tarehe tu kwa mpangilio wake, zitajisemea.

Uwanja nao uangalie kwa karibu. Unaitwa kwa jina la Evgrapi Shevardnadze, na orodha nyingi zinaupa uwezo wa watu karibu 22,000. Chukua watu wote wa mjini wa sensa ya 2014, watoto wachanga na wazee wa fimbo, wakalishe uwanjani: zaidi ya theluthi mbili ya nafasi itabaki wazi. Takwimu moja kama hii inaeleza ndoto ya miaka ya 1980 kuliko kurasa tatu za sifa. Lakini uwezo wa uwanja ni namba inayohitaji kuvizia. Orodha tofauti hutoa namba tofauti, kwa sababu moja inahesabu nafasi za mabenchi ya zamani na nyingine inahesabu viti vinavyotumika leo. Andika namba pamoja na mwaka wake. Bila mwaka, namba hiyo haina kazi.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata wenyeji. Eduard Shevardnadze alizaliwa Mamati, kijiji cha wilaya ya Lanchkhuti. Aliongoza chama cha Kikomunisti cha Georgia tangu 1972 hadi 1985, kisha akawa waziri wa mambo ya nje wa Muungano wa Kisovieti. Kishawishi cha kuandika kwamba Guria ilipandishwa kwa mkono wake ni kikubwa. Ila alipokwenda Moscow, Guria ilikuwa bado haijapanda. Ukitaka kuleta hoja ya msaada wa wakubwa, lete karatasi: bajeti, amri ya ujenzi, barua. Asili ya mtu na mafanikio ya timu ya kwao, hata vikikutana mahali pamoja, bado si ushahidi.

Na ukifungua jedwali la 1987, kumbuka hesabu ya alama. Ushindi ulikuwa alama mbili, sare moja, lakini kanuni ya wakati huo iliweka kikomo: sare zilizozidi 10 kwa msimu hazikuongeza alama. Kwa hiyo timu yenye sare 12 itaonekana imepungukiwa alama mbili. Usirekebishe kwa kalamu yako. Jedwali liko sawa, ni kanuni yenyewe iliyokuwa hivyo, na iliwekwa kuzuia timu kukubaliana sare za starehe.

Vyanzo vya Guria viko kwenye mafungu mawili yasiyolingana. Miaka ya Kisovieti imejaa: kwa kila mechi ya 1987 utapata tarehe, vikosi, wafungaji na mara nyingi idadi ya watazamaji, kwa Kirusi. Gazeti la michezo la Kijojia, Lelo, linaongeza sauti ya nyumbani. Halafu unaingia miaka ya 1990 na taa inazimika. Nchi ilikuwa vitani, umeme ulikuwa wa shida, magazeti yalitoka kwa kusuasua. Matokeo yapo; vikosi mara nyingi havipo. Katika muongo wa 2010 klabu ilirudi ligi ya juu na rekodi zikawa kamili tena, ila ligi ilipopunguzwa kuwa ya timu 10 mwaka 2017, Guria haikuwemo.

Sioni ya Bolnisi

Ukitaka klabu ambayo unaweza kwenda kuiona na kurudi Tbilisi siku hiyohiyo, ni hii. Bolnisi iko kilomita 60 hivi kusini-magharibi mwa mji mkuu, katika mkoa wa Kvemo Kartli, na basi dogo la abiria, ambalo Wajojia wanaliita marshrutka, linafika bila tabu.

Mwaka wa kuanzishwa unaotajwa ni 1936. Hapo ndipo kazi inapoanza, maana mwaka 1936 hapakuwa na mji unaoitwa Bolnisi kwenye ramani ya sehemu hiyo. Walowezi Wajerumani walianzisha makazi hayo mwanzoni mwa karne ya 19 wakayaita Katharinenfeld. Wakomunisti walipoingia yakawa Luxemburg, kwa heshima ya Rosa Luxemburg. Wajerumani walihamishwa kwa nguvu mwaka 1941, na jina Bolnisi likaja baada ya hapo, ndani ya miaka hiyohiyo ya 1940. Anayetafuta "Bolnisi" kwenye gazeti la 1937 hatapata kitu, atadhani timu haikucheza, na ataandika hivyo. Tafuta Luxemburg, kwa Kirusi Люксембург, na tarajia majina ya wachezaji ya Kijerumani.

Jina la Sioni lenyewe limetoka kwenye kanisa kuu la Bolnisi Sioni, lililojengwa kati ya 478 na 493, lenye maandishi ya Kijojia ambayo ni miongoni mwa ya kale zaidi. Fikiri kidogo: klabu ya Kisovieti ya miaka ya 1930 kubeba jina la kanisa? Usilirudishe jina la leo nyuma hadi 1936 bila ushahidi wa mwaka kwa mwaka. Kwenye klabu nyingi za Georgia majina ya kitaifa na ya kidini yalipata nafasi Usovieti ulipolegea, na kila moja lina tarehe yake ya kutafutwa.

Kilele cha Sioni ni rahisi kukiandika. Mwaka 2004 iliukosa ubingwa kwenye mechi ya mwisho ya mchujo dhidi ya WIT Georgia. Miaka miwili baadaye, msimu wa 2005–06, ikawa bingwa. Kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa iliitoa klabu ya Baku ya Azerbaijan, kisha ikatolewa na Levski Sofia, ile Levski iliyoendelea hadi hatua ya makundi na kukutana na Barcelona na Chelsea. Hiyo ndiyo njia nzuri ya kupima ukubwa wa jambo: mji wa watu elfu tisa ulitolewa na klabu iliyokwenda Camp Nou.

Baadaye ni kupanda na kushuka. Haikuwemo kwenye timu 10 za 2017, ikarudi juu, ikashuka, ikawa juu tena msimu wa 2022, ikashuka tena. Kama unapenda klabu iliyo hai, yenye mechi kila wiki na ambayo bado haijamaliza kuandikwa, Sioni inakufaa. Kama unataka karatasi za zamani, utahangaika.

Chikhura: rahisi kuanza, fupi kumaliza

Chikhura ya Sachkhere inatajwa kuanzishwa mwaka 1938, lakini sehemu yenye nyama ni muongo mmoja, ule wa 2010. Hii ni faida kwa mwandishi anayeanza. Karibu kila mechi muhimu imo kwenye kumbukumbu za UEFA kwa dakika na majina.

Mwaka 2013 iliitoa Vaduz ya Liechtenstein kwenye Ligi ya Europa kwa bao la ugenini, baada ya 0–0 na 1–1, kisha ikaangukia mikononi mwa Thun ya Uswisi. Mwaka 2017 ikabeba Kombe la Georgia. Mwaka 2018 iliitoa Beitar Jerusalem kwa jumla ya 2–1 na kutolewa na Maribor ya Slovenia. Kisha mwaka 2020 ikashuka kutoka ligi ya juu, na haikuishia daraja la pili.

Tukio linalostahili sura nzima ni la 2016. Mwaka huo Georgia ilikuwa inahama kutoka msimu wa vuli hadi masika kwenda msimu wa masika hadi vuli, hivyo ikacheza msimu mfupi wa mpito. Timu 14 ziligawanywa makundi mawili ya saba, nyumbani na ugenini, mechi 12 kila moja. Vinara wa makundi wakakutana fainali: Chikhura dhidi ya Samtredia. Angalia vizuri ni nani hao. Upande mmoja mji wa watu elfu sita. Upande mwingine mji wa makutano ya reli ambao watu wengi huupita wakiwa ndani ya treni. Hakuna timu ya Tbilisi. Samtredia ilishinda na kuwa bingwa, na leo inapanda na kushuka kama wengine.

Ukiandika takwimu za mchezaji wa Chikhura, msimu huo utakuharibia wastani. Mabao manane kwa mechi 12 si sawa na mabao manane kwa mechi 36 za ligi ya timu 10 iliyofuata, ambapo kila timu inakutana na mwenzake mara nne. Weka idadi ya mechi mbele ya idadi ya mabao, kila mara.

Sachkhere nayo ina mtu wake mkubwa: Bidzina Ivanishvili, waziri mkuu wa 2012–2013, alizaliwa Chorvila, kijiji kilicho jirani. Tuliyosema kuhusu Shevardnadze na Guria yanarudi hapa neno kwa neno.

Udhaifu wa Chikhura kama mada ni kwamba, ukitoa muongo ule, vyanzo vinakauka haraka. Miongo ya ligi za chini za jamhuri, wakati wa Usovieti, ilichapishwa kwa mistari miwili mitatu. Ukijipa kazi ya kurasa 40, kurasa 30 zitakuwa za miaka kumi.

Zestafoni, au klabu ngapi?

Mji wa Zestafoni unaishi kwa kiwanda cha aloi za chuma kinachotumia manganizi ya Chiatura, na timu yake ya zamani iliitwa Metalurgi, mfua chuma, kama zilivyoitwa timu nyingi za miji ya viwanda Usovieti nzima. Kwenye majedwali ya miaka ya 1990 utakutana pia na Margveti Zestafoni. Halafu mwaka 2004 inatokea klabu iitwayo FC Zestafoni, na hiyo ndiyo iliyotwaa kombe la 2007–08 na ubingwa wa 2010–11 na 2011–12.

Je, ni klabu moja iliyobadili jina, au ni tatu? Hapa ndipo maandishi mengi yanapooza. Mwandishi mmoja anaanza mwaka 1937 na kuhesabu kila kitu. Mwingine anaanza 2004. Wote wawili wanaweza kujitetea, ila huwezi kuchanganya: ukianza 1937 ili klabu ionekane kongwe, usije ukatumia rekodi za 2004 pekee kwa wafungaji bora. Ushauri wetu ni kuanza 2004 na kuweka Metalurgi na Margveti kwenye sura ya utangulizi, kama watangulizi wa mji, mpaka upate hati ya usajili inayosema vingine. Klabu inarithiwa kwa karatasi. Uwanja uleule na rangi zilezile havitoshi.

Miaka ya juu ina raha yake. Mwaka 2011 Zestafoni iliitoa Dacia Chișinău kwenye Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Sturm Graz ya Austria, ikaangukia mchujo wa mwisho wa Ligi ya Europa na kukutana na Club Brugge ya Ubelgiji, ikaishia hapo. Mwaka uliofuata Neftçi ya Baku iliitoa mapema. Na ndani ya miaka michache tu bingwa wa mara mbili akawa hayumo tena kwenye ligi ya juu, wala hapakuwa na kushuka kwa polepole kunakoachia nyuma mashabiki na kumbukumbu. Ukiandika kuhusu Zestafoni unaandika kuhusu fedha: zilitoka wapi, zilikoma lini. Taarifa za namna hiyo haziko kwenye majedwali. Usianze hapa kama huna mtu wa kukusomea Kijojia.

Namna ya kutafuta bila kupoteza wiki

Kijojia kina alfabeti yake ya herufi 33, na huhitaji kukijua ili uanze. Unachohitaji ni kunakili majina kwa usahihi, na kuelewa jambo moja la sarufi: magazeti ya Kijojia hayaandiki "Guria Lanchkhuti". Yanatanguliza mji ukiwa na kiambishi cha umiliki, yaani "Guria ya Lanchkhuti", hivyo mwisho wa neno la mji hubadilika. Anayetafuta umbo la kamusi anakosa sehemu kubwa ya makala. Haya ndiyo maumbo ya kunakili:

ლანჩხუთის გურია
ბოლნისის სიონი
საჩხერის ჩიხურა
ზესტაფონის მეტალურგი

Ukishayatumia hayo kwenye maktaba ya kidijitali ya Bunge la Georgia, iitwayo Iverieli, ongeza mwaka kwa tarakimu, si kwa maneno. Kwa miaka ya Kisovieti tumia Kirusi: Гурия Ланчхути, Сиони Болниси, Чихура Сачхере. Kwa herufi za Kilatini jiandae kwa tahajia za kila namna. Zestafoni utaikuta pia kama Zestaponi, kwa sababu herufi ფ ni p yenye pumzi na kila mwandishi anaisikia kivyake. Chikhura kwa Kijerumani inakuwa Tschichura. Usichague moja na kuacha nyingine wakati wa kutafuta. Chagua moja wakati wa kuandika, na uishikilie.

Guria ina tatizo la ziada: ni jina la mkoa pia. Utaletewa nyimbo, siasa, chai na karanga za hazeli kabla ya mpira. Bila neno la mji mbele, usibonyeze.

Kolkheti nayo, kama utajikuta umevutwa kwenda huko, ipo ya Poti na ipo ya Khobi. Ni miji tofauti, klabu tofauti. Tumeona makala zilizoihamishia Khobi historia ya Poti bila aibu.

Halafu misimu. Ligi ya Georgia ilichezwa 1990, kisha msimu mfupi wa 1991, kisha 1991–92. Kwa hiyo "1991" na "1991–92" ni misimu miwili, na ukiiona kama mmoja, kila bingwa utakayemhesabu baadaye atakuwa amesogea. Tangu 1991–92 mambo ni ya vuli hadi masika, mpaka ule mpito wa 2016. Kuanzia 2017 ligi ya juu inaitwa Erovnuli Liga, yaani ligi ya taifa, na mwaka mmoja ni msimu mmoja. Jina Pirveli Liga linamaanisha ligi ya kwanza lakini lilikuwa daraja la pili. Meore Liga linamaanisha ya pili lakini lilikuwa la tatu. Atakayetafsiri kwa kamusi ataipandisha klabu daraja zima kwa kalamu. Siku hizi ni rahisi zaidi: Erovnuli Liga, Erovnuli Liga 2, Liga 3, Liga 4, kisha ligi za mikoa.

Fungua daftari la safu sita tu: msimu, daraja kwa namba, jina la klabu kama lilivyochapishwa mwaka huo, nafasi, idadi ya mechi, chanzo. Safu ya tatu ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayookoa. Usiandike "Sioni" kwenye mwaka ambao gazeti liliandika kitu kingine. Ukifika mwisho, soma safu hiyo pekee kutoka juu hadi chini. Mahali jina linapobadilika, au mwaka unaporuka, ndipo sura mpya ya historia inapoanzia. Kwa Chikhura ya muongo wa 2010, safu hiyo huijaza kwa jioni chache. Kwa Guria jipe miezi, na uanze na 1986–1990 ukiwa bado una hamu, kisha ndiyo uingie kwenye giza la miaka ya 1990.

Kwa hiyo, ipi?

Kwa mwenye subira na Kirusi kidogo, hata cha kusoma herufi tu, chukua Guria, na usibabaishwe na kukosa ubingwa. Hakuna nyingine kati ya hizi inayogusa Usovieti, uhuru na gharama yake kwa timu ya mpira ndani ya miaka mitano. Anayeanza, au mwenye makala moja fupi ya kukamilisha mwezi huu, achukue Chikhura na ajifunge kwenye 2013–2020. Akivuka hapo atazama. Sioni ni ya mtu anayepanga safari, au anayependa historia ya mji sawa na ya mpira, maana Bolnisi yenyewe imebadilika jina na wakazi kuliko timu yake. Zestafoni iachie mwenye rafiki anayesoma Kijojia na asiyeogopa kuuliza habari za fedha.

Kama utasafiri, lenga Machi hadi Novemba. Januari viwanja vimelala na ofisi za klabu huenda zimefungwa. Lanchkhuti iko kwenye reli ya kutoka Samtredia kwenda Batumi. Zestafoni iko kwenye njia kuu ya kwenda magharibi, na kutoka hapo reli ndogo inachepuka kupita Chiatura hadi mwisho wake Sachkhere, hivyo Zestafoni na Chikhura zinaingia kwenye safari moja. Ratiba ya madaraja ya chini hubadilika hadi wiki ya mechi yenyewe, na mechi za Liga 3 na Liga 4 mara nyingi huanza mchana, uwanja ukiwa hauna taa. Piga simu mjini siku mbili kabla, uulize mambo mawili: saa ya mechi, na kama inachezwa nyumbani kweli, kwa sababu timu ndogo ambayo nyasi zake zinafanyiwa ukarabati huhamia mji wa jirani bila kumtangazia mtu wa mbali.